Ukungu ni wa Nani? Kisa cha mashamba mawili ya viazi, Uporoto

Mwenyekiti wa kitongoji alinipigia simu saa moja asubuhi, mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. "Bwana shamba, panda huku juu leo hii. Hawa mashemeji wataumizana kwa ajili ya ukungu."

Neno ukungu lina kazi mbili huku Uporoto, kwenye milima ya Mbeya. Kuna ule unaolala juu ya matuta tangu alfajiri mpaka saa nne, ambao madereva wa malori ya viazi wanaulaani wakishuka kuelekea Isyonje. Na kuna ule unaokula majani ya viazi, ambao vipeperushi vya kilimo vinauita bakajani chelewa. Sioni kosa kuyapa mambo hayo mawili jina moja, maana wa pili hauendi popote bila wa kwanza. Jani likikaa limelowa usiku kucha na baridi ikiwa ya nyuzi 10 hadi 15, kila kifuko cha ugonjwa hupasuka na kutoa vijidudu vinane hivi, kila kimoja na mikia miwili, vinaogelea kwenye tone la umande mpaka vipate pa kupenya. Siku 4 au 5 baadaye doa jipya nalo linatoa vifuko vyake kwa maelfu. Peleka hesabu hiyo wiki tatu mbele, utapata shamba jeusi linalonuka kama kitu kilichosahaulika kwenye ndoo. Ndivyo nilivyolikuta la mzee.

Shamba la juu ni la mzee huyo, ekari moja kasoro kidogo. La chini ni la shemeji yake, mjane wa mdogo wake, nusu ekari. Katikati upo ukanda wa mahindi, hatua 12 kwa upana, ambao kila mmoja wao, kwa wakati wake na kwa kuninong'oneza, aliniambia kuwa ni wake. Nilidhani ni maelezo ya pembeni tu.

Nyumbani kwa mwenyekiti tulikuta watu kama 15 wameshakaa kwenye mabenchi. Mzee ndiye aliyeanza.

"Bwana shamba, mimi nimelima mlima huu tangu baba yangu yu hai. Mbegu yangu naijua kama ninavyowajua wanangu. Shemeji kaleta mbegu ya barabarani mwezi wa kumi na moja, na wiki ya Krismasi ukungu ukaonekana kwake. Kwangu umekuja baadaye. Sasa nani kamletea mwenzake?"

Mama alisubiri amalize. "Shemeji, mimi nakuheshimu, na unajua. Lakini wewe uko juu, mimi niko chini. Maji hayapandi mlima. Kama kuna kilichoteremka, kimeteremka kutoka kwako."

Mzee alikuwa anadai fidia ya gunia 10. Za kawaida, alisema, si lumbesa, kana kwamba anafanya hisani.

Hapo kijana mmoja, aliyekuwa amesimama mlangoni na simu mkononi, akasema kitu kilichobadilisha shauri lote. "Mbona jambo jepesi hili? Si mnapima vinasaba? Mtoto akikataliwa anapelekwa kwa Mkemia Mkuu, baba anajulikana. Pimeni ukungu wa mama na ukungu wa mzee, mtuambie ni wa nani."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lake ndilo hasa ambalo watafiti wa zabibu walilifanyia kazi kwa miaka, na majibu yake nilikuwa nayo kichwani. Ubaya ni kwamba niliyatoa hapo hapo.

Jibu la zabibu

Kabla ya kuhamishiwa Mbeya nilikaa misimu minne Dodoma kwenye mashamba ya zabibu. Mwaka wa mvua nzito, kule tunasumbuliwa na ubwiri vinyoya: doa la mafuta juu ya jani, na chini yake vinyoya vyeupe kama pamba iliyochanwa. Kisababishi chake ni Plasmopara viticola, mzaliwa wa Amerika Kaskazini, aliyekuwa akiishi na zabibu pori za kule bila makelele mengi. Ufaransa alionekana mwaka 1878, na zabibu za Ulaya hazikuwa zimewahi kupigana naye. Ile rangi ya bluu ya mchanganyiko wa Bordeaux, mrututu na chokaa, ilitangazwa na Millardet mwaka 1885 kwa ajili ya ugonjwa huu.

Kwa karibu karne nzima wakulima na walimu wao waliamini hadithi moja. Majira ya baridi yakiisha, mbegu chache za ugonjwa zilizolala kwenye majani makavu zinaamka, zinatia madoa machache, halafu kila doa jingine la msimu huo ni mtoto au mjukuu wa yale machache. Kwa hadithi hiyo, shamba lililoungua ni familia moja kubwa, na swali la "umetoka kwa nani" lina maana.

Kisha Davide Gobbin, Cesare Gessler na wenzao wa ETH Zürich, Uswisi, wakaanza kuchuma madoa moja moja kwenye mashamba ya zabibu ya nchi kadhaa za Ulaya na kusoma vinasaba vyake kwa mikrosatelaiti, yaani vipande vifupi vinavyojirudia-rudia, ambavyo idadi ya kujirudia hutofautiana kutoka kiumbe kimoja hadi kingine. Walichokuta kiliipasua ile hadithi. Shamba moja lilikuwa na vitambulisho, yaani sura tofauti za vinasaba, vingi mno. Vingi kati yake vilionekana mara moja tu, au mara chache. Watoto wapya waliendelea kutoka ardhini msimu mzima, si mwanzoni tu kama ilivyodhaniwa. Na wale walioenea kutoka jani hadi jani, mara nyingi hawakwenda mbali na mama yao. Yapo mashamba ambako kitambulisho kimoja au viwili vilitapakaa vikachukua sehemu kubwa, lakini hata huko wageni wapya hawakukoma.

Sababu ni ndoa. Ugonjwa huu una aina mbili zinazohitajiana, tunaweza kusema bi harusi na bwana harusi ingawa kibaiolojia si jike na dume. Zikikutana ndani ya jani moja zinazaa oospora, mbegu yenye ukuta mnene inayovumilia baridi na ukame. Jani linaanguka, linaoza, oospora inabaki udongoni. Kila oospora ina mchanganyiko wake yenyewe wa vinasaba, kama watoto wa tumbo moja wasiofanana. Kwa hiyo mkulima wa zabibu anayemnyooshea jirani kidole mara nyingi anakosea: ugonjwa wake umetoka chini ya miguu yake.

Hayo ndiyo niliyoyabeba kutoka Dodoma, na hayo ndiyo niliyoyamwaga pale kwa mwenyekiti. Nikasema hakuna aliyemletea mwenzake. Nikasema ugonjwa umelala kwenye udongo wa kila mmoja. Nikashauri mabua yachomwe moto na ardhi ipumzishwe viazi misimu miwili. Lilikuwa jibu la amani pia, nakiri, lilimaliza kelele. Mama alisema ndaga, yaani asante, mwenyekiti akafunga kikao kwa sala, mimi nikapewa mbaazi na chai.

Mzee alitii. Tuta lake zuri kuliko yote, lile lenye udongo mweusi karibu na banda, aliliondoa kwenye viazi akapanda njegere.

Jibu la viazi

Kilichonisumbua usiku ule ni jambo dogo. Nilikuwa najaribu kukumbuka kama nimewahi kusoma popote kwamba oospora za ukungu wa viazi zimeonekana mashambani kwetu. Sikukumbuka. Nikafungua daftari la mafunzo, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona aibu.

Ukungu wa viazi ni Phytophthora infestans. Ni binamu wa yule wa zabibu, wote wa kundi la oomiseti, ambao ukiwatazama kwa macho utasema ni fangasi lakini kwa nasaba wako karibu zaidi na mwani kuliko na ukungu wa mkate. Wanafanana kwa mwendo: maji, baridi, vijidudu vinavyoogelea, weupe chini ya jani. Kwa ndoa pia wanafanana, kwa maana kwamba huyu naye anahitaji wawili, A1 na A2, ili azae oospora. Wanapoachana ni hapa: wa viazi alitoka kwao bila mwenzi.

Kwenye bonde la Toluca, Mexico, A1 na A2 wapo pamoja tangu zamani. Sehemu nyingine za dunia, kwa zaidi ya karne, zilikuwa na A1 peke yake. Habari za A2 nje ya Mexico zilichapishwa mwaka 1984, kutoka Uswisi. Aliye peke yake hafi wala hachoki. Anajinakili tu. Njaa ya Ireland iliyoanza mwaka 1845 ililetwa na nakala za namna hiyo: mwaka 2013 watafiti walisoma vinasaba kutoka kwenye majani makavu ya viazi yaliyohifadhiwa tangu karne ile, wakakuta ukoo mmoja, wakaupa jina HERB-1.

Baadaye ukoo mwingine, US-1, ndio ulioshika sehemu kubwa ya dunia, Afrika Mashariki ikiwemo. Halafu ukaingia ukoo kutoka Ulaya unaoitwa 2_A1. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha nchi za ukanda wetu na Tanzania ikiwa mojawapo, ulionyesha kuwa huyo mgeni wa Ulaya ndiye aliyetawala, akimsukuma US-1 pembeni. Tazama mkia wa jina lake: A1. US-1 naye ni A1. Mabwana harusi wawili, bi harusi hayupo.

Bila ndoa hakuna oospora, na bila oospora hakuna kinacholala udongoni miaka miwili kikisubiri. Uholanzi na nchi za Skandinavia, ambako A1 na A2 wanakutana, ushauri wangu wa kupumzisha ardhi ungekuwa na mashiko, na huko mashamba yanayorudia viazi bila mzunguko huona madoa mapema zaidi. Uporoto, ukungu huu unahitaji kitu kilicho hai ili uvuke kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Kiazi kilichoambukizwa. Maotea, yaani viazi vilivyojiotea vyenyewe kutoka kwenye masalia ya msimu uliopita. Nyanya iliyo uani. Na kwa kuwa milima hii haikosi viazi mwaka mzima, mvua juu ya matuta na kiangazi kule mabondeni kwenye maji, daraja la kijani halikatiki.

Sasa rudi kwa yule kijana na kipimo chake cha mtoto. Kipimo kile kinafanya kazi kwa sababu watu wanatofautiana. Kwenye kijiji ambacho kila mtu ni pacha wa mwenzake, Mkemia Mkuu angerudisha majibu yasiyomsaidia hakimu yeyote. Kuna kadi maalumu za karatasi, ziitwazo FTA, unagandamiza doa la jani juu yake na vinasaba vinabaki salama bila barafu mpaka maabara. Tuseme ningechukua madoa 20 kwa mama na 20 kwa mzee. Jibu ambalo ningelitegemea ni kwamba yote ni ukoo ule ule, ambao pia uko ng'ambo ya mlima, na Njombe, na Kenya. Zipo tofauti ndogo ndani ya ukoo mmoja, mabadiliko yanayojikusanya polepole kadiri nakala zinavyozidi, na watafiti wanaofuatilia safari ya ugonjwa kutoka nchi hadi nchi wanazitumia vizuri. Kwa ukanda wa mahindi wa hatua 12, hapana.

Kwa hiyo mambo yalikuwa yamenigeukia kichwa chini. Kwenye zabibu, ambako vinasaba vinaweza kumtaja mama wa kila doa, mara nyingi jirani hana hatia. Kwenye viazi vyetu, ambako jirani anaweza kweli kuwa na hatia, vinasaba havimtaji.

Ilibaki kusoma shamba lenyewe.

Kutembea na vijiti

Siku ya tatu nilirudi na kifurushi cha vijiti na daftari. Kazi ni rahisi ila inachosha magoti: unapita tuta kwa tuta, unachomeka kijiti penye kila doa, na unaandika doa liko wapi kwenye mmea na lina umri gani. Doa changa limelowa, rangi ya majani yaliyochemshwa, na ukiligeuza asubuhi unaona pete nyeupe chini. Doa kuukuu ni kavu, jeusi, halina weupe. Doa la juu ya majani, lililotawanyika bila mpango, limeletwa na hewa. Doa la shina, linaloanzia usawa wa udongo kwenda juu, kwa kawaida limepanda kutoka kwenye kiazi kilichopandwa.

Kwa mama nilikuta duara mbili nyeusi. Katikati ya kila moja kulikuwa na shina dumavu lililoungua kuanzia chini. Nilichimba. Kiazi mama kilikuwa na rangi ya kutu ndani ya nyama, na ngozi imebonyea. Kwa hilo mzee alisema kweli: mbegu ya barabarani iliingia na mgonjwa, angalau wawili.

Kwa mzee, shamba lilikuwa limeungua robo tatu, na vijiti havikuwa na maana katikati ya weusi. Lakini weusi una mteremko wake kama ulivyo mlima. Ulikuwa mzito zaidi upande wa juu, ukawa mwepesi kuelekea kwa shemeji yake. Kama ugonjwa ungetoka chini, mpangilio ungekuwa kinyume. Nikafuata weusi kwenda juu mpaka nikagonga banda la kuhifadhia viazi, nikazunguka nyuma yake.

Nyuma ya banda kulikuwa na lundo. Kila mwenye viazi huku analo: vilivyokatwa na jembe, vilivyooza gunia likiwa bado bandani, vidogo mno hata kwa mbegu. Vilikuwa vimechipua kwa ujasiri, mashina marefu yamepandana, na majani yake yalikuwa yameshakauka meusi. Hayakuwa na unyevu wala weupe. Yalikuwa makuukuu kuliko doa lolote nililoliona kwa mama. Na viazi vya lundo lile vilitoka gunia zile zile alizochagulia mbegu yake, ile anayoijua kama wanawe.

Kwa nini basi ulionekana kwanza kwa mama? Kwa sababu shamba lake liko kando ya njia ya kwenda kanisani, na nyuma ya banda la mzee hakuna anayepita isipokuwa kuku.

Nikamaliza kwenye ukanda wa mahindi. Msimu uliotangulia ulikuwa na viazi, na maotea yalikuwa yamejaa kati ya mistari ya mahindi, yamejificha kivulini ambako jani halikauki hata saa sita mchana. Yalikuwa na madoa ya kila umri. Nilimwita mzee nikamuuliza ukanda huu ni wa nani. Akasema wa shemeji. Nilimwita mama. Akasema wa shemeji.

Kuhusu dawa

Mzee alikuwa amepuliza mara 2, na alitaka niandike kwamba dawa ilikuwa feki. Pakiti nilizoziona zilikuwa za metalaksili na mankozebu pamoja, mchanganyiko wa kawaida kwenye maduka ya pembejeo. Metalaksili huingia ndani ya mmea na kupanda juu. Mankozebu hukaa nje ya jani kama koti la mvua, inazuia lakini haiponyi.

Metalaksili ina historia inayohusiana moja kwa moja na jambo la nakala. Ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufikia mwaka 1980 ilikuwa imeshashindwa mbele ya ukungu wa viazi huko Ireland na Uholanzi. Kwenye jamii inayojinakili, akitokea mmoja asiyekufa kwa dawa, watoto wake wote ni kama yeye. Hakuna ndoa ya kuchanganya damu. Ndani ya msimu mmoja anaweza kuwa yeye tu aliyebaki.

Ningeweza kuishia hapo na kusema ukungu wa mzee ni sugu. Ingependeza masikioni. Lakini nilimwomba anionyeshe anavyochanganya, akachukua kifuniko cha chupa ya soda, akajaza kimoja kwa bomba la lita 15, akapuliza juu juu akitembea haraka. Mara ya kwanza alipuliza madoa yakiwa yameshafika nusu ya shamba. Ukisikia hayo huhitaji usugu wala ufeki kueleza kilichotokea.

Baraza la pili

Nilichelewa wiki 5 kuliitisha, na nisidanganye kwamba ni kazi nyingi. Njegere za mzee zilikuwa zimeshaota.

Nilianza kwa kusema nilikosea. Nikaeleza kwamba ardhi haikuwa na kosa, kwamba kuchoma mabua hakukudhuru lakini hakukugusa chanzo, na kwamba misimu miwili ya kupumzisha ilikuwa nambari niliyoitoa kwenye ugonjwa mwingine.

Mzee alinikazia macho. "Kwa hiyo njegere nimepanda bure?"

"Njegere si bure, mzee, utauza. Ila sababu niliyokupa ilikuwa ya zabibu."

"Zabibu?"

"Zabibu, mzee."

Akageukia mabenchi. "Mmesikia. Mimi ninalima viazi, serikali inanitibu zabibu." Walicheka kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Kisha nikaweka mchoro wangu mezani. Nilisema milango ilikuwa mitatu: lundo la nyuma ya banda, mbegu ya barabarani, na maotea ya ukanda usio na mwenyewe. Kwa umri wa madoa, lundo lilitangulia. Kwa mpangilio wa weusi, shamba la mzee liliungua kutoka juu, si kutoka kwa shemeji yake. Mbegu ya mama iliwasha moto wake yenyewe chini, na maotea yakaunganisha. Juu ya yote hayo, wiki zile mlima mzima ulikuwa na ukungu, na vifuko vya ugonjwa husafiri na hewa yenye unyevu bila kuuliza mpaka. Jua kali na ukavu ndivyo vinavyoviua, navyo vilikuwa adimu. Gunia 10 hazina msingi kwa upande wowote.

Yule kijana aliuliza tena habari ya vinasaba. Nilimweleza kuhusu mapacha. Aliridhika upande mmoja, upande mwingine akaudhika. "Kwa hiyo wenye zabibu wanapimika, sisi hatupimiki?" Nilimwambia siku tukianza kupimika ndipo tuogope. A2 akifika huku, akaoana na hawa waliopo, kila shamba litaanza kuzaa sura mpya, mbegu ngumu zitalala udongoni, na aina za viazi zinazovumilia leo zitajaribiwa kila msimu na adui asiyefanana na wa jana. Ushauri wangu mbovu wa mwezi wa kwanza utakuwa umegeuka kuwa sahihi. Na njia rahisi ya kumleta ni gunia la mbegu kutoka mbali lisilokaguliwa.

Mambo waliyokubaliana hayakuwa mengi. Lundo lilichimbiwa shimo la kina cha mkono mzima likafukiwa, na kila nyumba ikaambiwa ifanye vivyo hivyo kabla ya mvua. Maotea yang'olewe yakiwa machanga. Mbegu ya kuthibitishwa ni ghali, kwa hiyo wale wasioiweza watachomeka vijiti kwenye mashina yenye afya wakati wa maua, na kuchagua mbegu kutoka hapo tu badala ya kwenye kifusi cha vidogo vilivyobaki baada ya wanunuzi. Mankozebu ianze kabla ya doa la kwanza, kwa kipimo cha pakiti, na chini ya majani. Yenye metalaksili isitumike kila mara. Udongo upandishwe vizuri kwenye matuta ili mvua isioshe ugonjwa mpaka kwenye viazi, na mabua yakatwe wiki 2 kabla ya kuvuna. Kuhusu tarehe moja ya kupanda, walibishana mpaka giza likaingia na hawakufika popote.

Msimu uliofuata nilipita mara tatu. Ukungu ulikuja, kama unavyokuja kila mwaka, lakini ulikuja viazi vikiwa vimeshajaa. Nyuma ya banda la mzee palikuwa na maboga. Mama alivuna gunia 31 kwenye nusu ekari yake, na mbegu ya barabarani hakununua. Mzee alirudisha viazi kwenye tuta lake jeusi, akanitumia ndoo moja pamoja na ujumbe kwamba hizo si zabibu.

Ukanda wa mahindi ulikuwa msafi, hauna otea hata moja. Mwenyekiti alinipigia simu tena mwezi wa tano. Mashemeji wamefikishana kwenye baraza la kata: kila mmoja anasema ni wake.